Sponji ya Kilomita ya Thelathini na Tano

Beppu, mwezi wa pili. Mvuke unatoka mitaroni
kama mji mzima umebandikwa jikoni,
nami nimepangiwa meza ya sponji,
kilomita ya thelathini na tano, mbele ya duka la matairi.
Ndoo nne. Glavu za plastiki. Vidole vimekufa ganzi.

Bi Hatsue, miaka themanini na minne, ameweka redio begani
kama wengine wanavyobeba mjukuu.
"Kuramochi ameondoka," akatangaza. "Peke yake. Kilomita ya nane."
Kinyozi Murozono akachekea puani:
"Ya nane! Mbio za sakafuni..."
Hakumalizia. Methali ile hujimalizia yenyewe.

Tulikuwa tunamjua. Kuramochi Tsugumi,
miaka thelathini na sita, skrubu mbili kisiginoni,
yule ambaye miaka mitatu nyuma
aliketi hapahapa, ukingoni mwa barabara,
akavua kiatu, akakitazama kama barua ya deni,
mpaka basi la walioshindwa lilipokuja kumzoa.
Siku ile Murozono alimvika koti lake.
Halikurudi.
Hilo nalo lilikuwemo ndani ya kicheko.

Ikaja pikipiki ya polisi.
Likaja gari lenye saa juu, tarakimu za manjano
zikilana zenyewe.
Kisha barabara ikawa tupu, tupu kabisa,
tukaona hata nyufa zake.

Kisha yeye.

Sijui nilieleze vipi. Nilitarajia uso wa mtu anayekata roho;
uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu chenji,
na chenji imetimia.
Lami ilimpokea ikamrudisha,
ikampokea ikamrudisha,
bila kumdai chochote.
Hatukushangilia. Watu mia mbili na vibendera vyetu
tulinyamaza, kama unavyonyamaza
mtu anapokupita na sinia la glasi zilizojaa.
Ni redio tu iliyopayuka, imechelewa nusu dakika,
ikituarifu kwamba analikaribia duka la matairi.

Mkono ukatoka. Sponji ikanitoka kwenye glavu
nisihisi kitu. Akaikamulia shingoni, akaitupa,
ikaniangukia kiatuni.

Hapo ndipo Daigo, mtoto wa fundi matairi,
alipochomoka kando yake, yeye lamini, mtoto kibarazani,
begi la shule likimgonga mgongoni.
Mita themanini.
Tulikuja kuzipima baadaye kwa hatua, tukabishana, tukapima tena.
Mita themanini, kisha akajitosa kwenye ua wa kamelia,
akabaki miguu juu,
anacheka, analia, hajui kipi.
Ndipo nasi tukapata sauti.

Saa mbili, dakika kumi na tisa, sekunde arobaini na moja.
Bi Hatsue aliiandika kiganjani kwa kalamu ya wino,
akakataa kunawa.

Usiku, kwenye bafu la maji moto la mtaani,
ukuta wa wanaume na wanawake haufiki darini,
kwa hiyo tulisikia yote:
ni viatu, alisema mmoja; ni upepo wa mgongoni;
hakuna upepo, mpumbavu wewe, bendera zililala siku nzima;
basi ni hizo skrubu.
Wakaangua kicheko. Mtu akauliza:
"Murozono, na lile koti lako?"
Maji yakanyamaza. Upande wetu pia tukanyamaza,
Bi Hatsue mkono mmoja juu, nje ya maji.
"Akae nalo," alisema kinyozi.
Kisha, baada ya kitambo: "Lilikuwa linanibana."

Wananiambia niitie sponji kwenye fremu.
Tangu Jumatatu ninaoshea vyombo.
Inakamata povu vizuri, ila imeanza kumeguka pembe moja.

Na asubuhi, kabla ya kengele ya shule,
Daigo anakimbia na mtu asiyekuwepo.
Jana kafika mita tisini na tatu.
Ua bado lina tundu lenye umbo lake.